Sindano ya Paka Kwenye Friji ya Soda

Kitu cha kwanza kilikuwa ndoo. Nilikuwa Magarama, mjini Gitega, kwa mwanangu mkubwa, na kila asubuhi nikienda kuchota maji ya kunywa nakuta kifuniko kimesukumwa pembeni na paka wangu ameingiza kichwa chote ndani ya ndoo, anakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Anakunywa, anakwenda kukojoa, anarudi, anakunywa tena. Mkamwana wangu ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, nyumba imejaa nepi za kufua, na sasa ina mikojo ya paka nyuma ya mlango. Hakulalamika, maana ni binti aliyelelewa vizuri. Lakini nilimwona anavyoshika ufagio.

Paka mwenyewe alikuwa mnene, na si mnene kidogo. Tumbo lilikuwa linaburuta. Sisi tulikulia kambini Tanzania, tulikula kwa kadi ya mgao, na kwetu mnyama mnene maana yake nyumba ina amani. Nilikuwa nikilitazama tumbo lile nasikia fahari kama mtu mwenye zizi. Watu wa Magarama wakipita wananiambia, bibi, paka yako iko bien, inakula vizuri. Nami najibu, ndiyo, anakula.

Kisha akaanza kukonda mgongoni, tumbo limebaki palepale. Miguu ya nyuma ikalegea. Paka hutembea kwa vidole, kila mtu anajua. Huyu akaanza kukanyaga na kisigino chote, kama mzee anayetembea amechuchumaa. Hapo nikaogopa.

Nieleze kwa nini niliogopa, maana kuna watakaosema paka ni paka tu, akifa unachukua mwingine. Mama yake paka huyu alivuka mpaka pamoja nasi tuliporudi, yuko ndani ya kikapu cha sufuria. Tulipofika kilimani kwetu Buhinyuza, huko Muyinga, pale palipokuwa na nyumba ya baba yangu tulikuta kichaka. Tukafunga turubai. Chini ya turubai lile, kabla hatujamaliza kufyeka, paka akazaa. Watoto wengine baridi iliwachukua, mmoja akabaki. Ndiye huyu. Kabla ya kuku, kabla ya mbuzi, kabla ya mjukuu yeyote, kiumbe cha kwanza kuzaliwa kwetu baada ya ukimbizi ni yeye. Na kazi alifanya. Maharage yetu ya kwanza alilala juu yake mpaka tulipoyapanda tena, na panya hawakuonja hata moja.

Kwa hiyo nilipokwenda Gitega kumlea mzazi, nilimbeba. Mpango ulikuwa nikae mpaka mtoto akaze shingo, halafu nirudi kwangu kabla ya mavuno ya maharage. Mwanangu mdogo, aliyebaki kilimani na watoto wake, alikuwa ameshaanza kunipigia simu kulalamika panya.

Mwanangu mkubwa akaniitia daktari wa mifugo, kijana mzaliwa wa Makebuko. Huyo amezoea ng'ombe na mbuzi. Alipoona nimemfunga paka kwenye kitenge kama mtoto, alicheka. Nikamtazama. Akaacha kucheka, akafanya kazi yake. Akamshika tumbo, akamwangalia meno, akamtazama anavyotembea, akaomba mkojo, nikamwambia mkojo hapa haukosekani. Alipomaliza akasema, "Bibi, huyu iko na sukari. Ile ya watu."

Mkamwana wangu alicheka mpaka mtoto akaamka. Daktari hakucheka. Akanieleza polepole. Sindano asubuhi na jioni, dawa kidogo mno, tone tu. Ugali asionje, wala wali, wala kiazi. Ale nyama, samaki, yai. Mwili upungue, lakini upungue taratibu, maana paka mnene ukimnyima chakula ghafla ini lake linaharibika na anakufa kwa njaa ya siku chache. Na dawa iende na chakula: akipunguza kula, nimwambie, tupunguze dawa. Nikauliza, hii sindano mpaka lini? Akasema paka si kama watu. Wengine mwili ukipungua na chakula kikiwa sawasawa, sukari inarudi yenyewe mahali pake na sindano inaachwa. Si wote. Lakini wengine.

Neno lile lilinisimamisha. Dawa ile inataka baridi, na kilimani kwetu hakuna umeme, kwa hiyo friji hata tusiizungumze. Kama sindano ni ya milele, basi ama mimi nazeekea Gitega, ama nakwenda kwangu bila yeye. Lakini kama atapona kabla ya mavuno, tunarudi wote wawili. Nikamwambia daktari, anza leo.

Friji iliyokuwa karibu ilikuwa ya soda, kwenye duka la jirani. Wenye duka ni Waislamu ambao babu zao walitoka Uhindi, wanaagiza vitenge na sufuria kutoka nje. Mwenye duka ana mama yake, rika langu, anakaa kwenye kigoda uani nyuma ya duka tangu alfajiri mpaka wanapofunga. Yule bibi naye ana sukari, miaka mingi. Dawa yake inakaa chini kabisa kwenye friji ile, nyuma ya chupa za soda, na wateja hawajui. Nilipomweleza shida yangu alinitazama, akamtazama paka, akaniuliza kama watu wa Tanzania wote wako hivi. Halafu akamwita mwanawe asogeze chupa.

Ni yeye aliyenifundisha kupima. Ana kimashine chake cha kutoboa kidole. Kwa paka unatoboa ukingo wa sikio. Kwanza unalipasha joto sikio kwa kitambaa cha maji ya moto, damu ije. Halafu unatoboa, unaminya, kinatoka kitone kama kichwa cha sindano, unakigusisha kile kijiti cha mashine. Mara ya kwanza nilimbana paka kwapani kwa nguvu zangu zote. Yule bibi akasema, "We bibi ya Tanzania, unamushika paka kama unamushika mwizi. Mulegezee. Mi najitoboa kila siku na hakuna mutu ananishika."

Nikamlegezea. Akatulia. Mashine ikaanza kuhesabu kurudi chini, na sisi wazee wawili tumechuchumaa, vichwa vimegongana, hakuna anayepumua. Siku ile sukari ilikuwa juu mpaka mashine ikakataa kuandika namba, iliandika herufi tu. Yule bibi akasema hata yeye hajawahi kufika huko. Alisema kama mtu aliyeshindwa mashindano.

Lakini siku zilizofuata namba ikatoka! Sijui nieleze vipi furaha ile. Mimi shule niliiacha mapema, namba kwangu zilikuwa za sokoni tu. Sasa namba ikawa kitu cha kuamkia. Naamka nimeshaifikiria. Nachemsha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nilizozisuuza chumvi, nakata maini, napima sukari, nachoma sindano, napeleka habari kwenye ukuta unaotenganisha ua wetu na ua wa duka. Yule bibi anasubiri upande wa pili. Namwambia imeshuka, anasema bon. Namwambia imepanda, anauliza nimefanya nini, kama mwalimu.

Ijumaa, kabla duka halijafungwa kwa swala, tunampima uzito kwenye mizani ya maharage. Anaingia kwenye mfuko, kichwa nje, masikio yamelala kwa hasira. Bwana mmoja aliyekuja kununua sabuni aliuliza kilo ni bei gani. Nikamwambia nyama hii ni chungu kama ulimi wako. Duka zima lilicheka, naye pia.

Basi, mambo yalikwenda vizuri, halafu yakasimama. Namba ikashuka mpaka mahali, ikagoma. Mizani nayo ikagoma, kama mtu ameipigilia msumari. Daktari akauliza kama kuna mtu anamlisha pembeni. Nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza. Mama mmoja akakiri kwamba huwa anamrushia ukoko wa ugali. Nikamwambia aache, akaacha. Nikamuuliza hata yule bibi wa dukani, mlangoni kwake, ana kwa ana. Akasema, chakula? Yeye hampi chakula, anajua ugonjwa huu kuliko mimi. Nikamwamini, na ningemwamini leo pia.

Daktari akaongeza dawa kidogo. Baadaye akaongeza tena. Mwanangu mdogo akapiga simu kutoka Buhinyuza, majani ya maharage yameanza kugeuka rangi. Nikamtazama paka, amekaa juani anajilamba, hana habari. Nikamkasirikia kabisa. Nilimwambia mbele ya watu kwamba nitamwacha.

Asubuhi moja nimemweka mapajani nimpashe sikio, akapiga mwayo usoni kwangu. Nikasikia iliki.

Nikanusa tena. Nikanusa sharubu. Iliki. Kwetu iliki haiingii. Chai yetu ikipata tangawizi inashukuru. Pale tulipokaa, nyumba ya kunukia iliki alfajiri ilikuwa moja.

Nikambeba, nikapita mlango wa uani. Yule bibi yuko kwenye kigoda, ameshika kikombe kitupu, na chini miguuni kwake kuna kisahani kimelambwa mpaka maua yake yanang'aa. Nikamweka paka chini. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kisahani, akakaa mbele yake kama muumini anayejua benchi lake kanisani.

Nikauliza, "Hiki nini?"

"Maziwa."

"Nilikuuliza hapa hapa mlangoni."

"Uliniuliza chakula. Mi sikumupa chakula. Nilimupa maziwa."

Alikuwa na haki. Kwetu sisi, Mkristo kwa Mwislamu, maziwa si chakula. Mtu anakunywa maziwa kutwa nzima, jioni anasema hajala. Mgeni unampa maziwa, akishamaliza ndiyo unamuuliza kama ana njaa. Mimi mwenyewe, daktari alipouliza paka anakula nini, nilimhesabia samaki, maini na mayai. Angeuliza anakunywa nini, ningesema maji, na hata maziwa yangekuwepo nisingeyakumbuka. Tulikuwa wanawake wazima wawili tunalinda chakula kama askari, na maziwa yanapita katikati yetu.

Akanivuta karibu, akashusha sauti, maana mkamwana wake alikuwa jikoni. Binti yule alikuwa ameolewa karibuni, ametoka Bujumbura. Asubuhi ya kwanza alimletea mama mkwe maziwa ya moto yenye iliki na sukari, kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyofundishwa kwao kumheshimu mkwe. Utamkatalia vipi? Ukimrudishia kikombe umemwambia hajui kupika. Siku ile bibi alikunywa, akaumwa. Siku ya pili akamwaga kwenye kopo la maua.

"Na maua ikakufa," akasema. "Ndiyo paka yako akaja."

Mimi sicheki ovyo, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini. Sukari yote ya yule bibi ilikuwa inaingia ndani ya paka wangu. Yeye anapima yake, anaona nzuri, anafurahi. Tunapima ya paka, iko juu, tunasikitika. Na kikombe ni kimoja.

Halafu nikasimama nikamwita binti. Yule bibi akanishika kitenge, akaniomba nisiseme. Lakini mimi jambo likishakaa mdomoni silimezi. Nikamwambia binti, "Mwanangu, mkweo ana sukari. Maziwa yako ni matamu mno. Mletee yasiyo na kitu." Binti akaweka mkono mdomoni. Akasema alikuwa anaongeza sukari kila siku kidogo, kwa sababu kikombe kinarudi kitupu na kisahani kinarudi kimelambwa, akaona mama anayapenda sana.

Yule bibi hakunisemesha siku nzima. Mimi nilikuwa na furaha tele, nimemkamata mwizi.

Kesho yake kisahani hakikuwekwa. Nilipima, namba ilikuwa ya juu kiasi kama kawaida, nikachoma dawa ileile tuliyoongezewa, paka akala samaki wake. Hakuna aliyepunguza chakula, kwa hiyo sikuona cha kumpigia daktari simu. Mchana nikaenda kuchota maji. Nikamkuta nyuma ya ndoo, amelala ubavu, kichwa kinatikisika, macho wazi lakini hayanioni. Nikamwinua, akaanguka kama kitambaa.

Niliita juu ya ukuta kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu siku za kukimbia. Yule bibi, ambaye kwa kawaida akienda msalani ni safari, alikuja mbio. Aliangalia mara moja tu. Akasema sukari imekwisha mwilini, inampata hata yeye, anaijua. Akapiga kelele nyuma, "Leta kile kikombe. Na weka yote."

Binti akaja na kikombe kilekile, safari hii ni maji ya moto na sukari mpaka imekuwa nzito kama asali. Bibi akanizuia nisimmiminie mdomoni, atapaliwa. Akachovya kidole, akampaka kwenye ufizi. Akachovya tena, akampaka. Mimi nimeshika kichwa, binti ameshika kikombe, mkamwana wangu amesimama mlangoni na mtoto begani. Wanawake wazima watatu tumepiga magoti kwa paka. Nilimwambia yule paka maneno ambayo sitayaandika hapa.

Ulimi ukatoka. Ukalamba kidole. Ukalamba tena. Halafu akamng'ata yule bibi mpaka damu.

"Bon," akasema, anakitazama kidole. "Iko mzima."

Tulimpigia daktari simu. Akatuuliza nini kimebadilika, tukamweleza kikombe. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka, anakumbuka nilivyomtazama mara ya kwanza. Akasema dawa ile ilikuwa ya paka anayekunywa maziwa ya sukari kila asubuhi, na huyo paka hayupo tena. Jioni tusichome kabisa. Tupime, halafu tuanze na chini kuliko mwanzo.

Na hapo ndipo mambo yalipokimbia! Namba ikashuka na dawa ndogo. Tukapunguza dawa, namba ikabaki chini. Ijumaa mizani ikasogea, na Ijumaa iliyofuata ikasogea tena, kidogo kidogo kama daktari alivyotaka. Asubuhi moja nikamwona anapita uani, nikahisi kuna kitu, nikamwita mkamwana wangu aje aone: anatembea kwa vidole. Visigino viko juu. Akafika ukutani, akatazama juu, akaruka, akaenda upande wa pili. Nikasikia yule bibi anamwambia kule, "Hakuna kitu hapa, rudi kwenu."

Siku tuliyomwacha bila sindano sikula. Tulipima asubuhi, tukapima jioni. Namba ya mtu mzima mwenye afya. Kesho yake hivyo hivyo. Daktari akaniambia nisijisifu haraka, sukari inaweza kurudi akinenepa tena, niendelee kupima na kumlisha nyama. Nikamwambia nimesikia. Lakini nilikuwa nimeshamuuliza mwanangu mdogo, maharage yamekauka? Akasema yamekauka, njoo.

Yule bibi alinipa kimashine chake cha zamani, na vijiti, vimefungwa kwenye kitambaa. Akaniagiza nisiruhusu mtu yeyote amkaribishe paka. Tulishikana mikono muda mrefu kuliko kawaida yetu. Mkamwana wake akamwekea paka samaki kwenye majani ya mgomba, akaapa kwamba hana chumvi, nikanusa kuhakikisha.

Tulifika Buhinyuza jua bado liko juu. Majirani waliona pikipiki, wakaja, na walikuja kama watu wanavyokuja kwetu: na maziwa. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikayapeleka kwa wajukuu ndani, kisha nikasimama mlangoni nikawatangazia wote kwamba nyumba hii paka hali na wala hanywi cha mtu. Wakaangaliana. Najua walichosema njiani wakirudi. Paka alikuwa ameshapanda juu ya magunia, anazunguka, anatafuta mahali pake pa zamani.

Asubuhi nikampasha sikio, nikatoboa, mashine ikahesabu. Nzuri. Nikapanda mpaka pale simu inaposhika, nikampigia yule bibi, na kabla hajanisalimu akauliza namba. Nikamwambia. Nikasikia anaipigia kelele duka zima, na mtu anauliza namba ya nini, na mkamwana wake anacheka. Akarudi kwenye simu akaanza kulalamika. Maziwa bila sukari hayana ladha hata kidogo, na binti bado anayaleta kila siku kwa mikono miwili, na sasa hakuna wa kumsaidia kuyanywa.

Nikamwambia ayanywe. Nikakata simu nikashuka mbio, maana kutoka nyumbani walikuwa wananiita: paka ameshika panya wa kwanza, na wajukuu wanataka kujua kama anaruhusiwa kumla.